Ubao wa Tatu

Asubuhi ya Siku ya Mwaka watu wa Bagamoyo walikuwa wamekwisha kuoga pwani, majivu ya mwaka mzima yamezolewa mekoni na kumwagwa njia panda, na Hamoudi bin Seif ameketi mbele ya sahani yake ya pili ya wali na kunde. Alikuwa anajisemea kwamba sahani ya tatu itakuwa aibu, ila aibu nyingine mtu huzizoea. Hapo ndipo mtumishi wa kadhi alipopiga hodi.

"Bwana Hamoudi, kadhi anakuita. Kwa Fundi Mbaruku kumeibiwa."

"Kumeibiwa nini?"

"Ubao."

"Kiwanda kizima cha mbao, umepotea ubao mmoja. Kesho mtaniita pwani mniambie umepotea mchanga."

"Ni ubao wa Ausi, bwana."

Hamoudi akarudisha tonge sahanini. Mkewe, aliyekuwa akichungulia kutoka ukumbini, alisema baadaye kwamba katika miaka ishirini na sita ya ndoa hajawahi kuona tonge la mumewe likirudi lilikotoka.

Kazi ya Hamoudi ilikuwa kumtafutia kadhi ukweli pale watu walipouficha, na alikuwa na pua kubwa, goti bovu la kushoto, na mzaha kwa kila mtu. Lakini habari ya Ausi aliijua vizuri, kwa maana sahihi yake ilikuwa chini ya hati ya kijana huyo.

Fundi Mbaruku alikuwa mchonga milango. Kila mwisho wa mwaka, wanagenzi wake waliotimiza miaka saba walichonga kila mmoja ubao wa mlango kwa mikono yake peke yake. Siku ya Mwaka, baada ya sala ya alasiri, mbao husimamishwa barazani zimefunikwa kaniki. Watu hukusanyika, kaniki huvutwa, na mafundi wawili kutoka nje ya kiwanda hupitisha mkono juu ya kila ubao. Wakikubali, Mbaruku humkabidhi kijana tezo mpya, na tangu hapo haitwi tena mwanagenzi, huitwa fundi.

Mwaka ule walikuwa watatu. Shomari na Kibwana walingojea tezo, na Kibwana alingojea na mchumba. Ausi alijingojea mwenyewe. Alikuwa mtumwa wa Bwana Mahfoudh, tajiri Mwarabu wa Manga mwenye shamba la mtama kule Fukayosi, naye ndiye aliyempeleka kwa fundi. Mahfoudh alikuwa amekubali mbele ya kadhi kwamba ubao wa Ausi ukisimama Siku ya Mwaka na mafundi wawili wakaupokea kabla jua halijatua, Ausi yu huru kwa ajili ya Mungu. Usiposimama, hati imebatilika, na Ausi anarudi Fukayosi kushika jembe.

Hamoudi akanawa mikono, akachukua bakora yake.

Fundi Mbaruku alikuwa amesimama mlangoni pa kiwanda, shuka mabegani, macho mekundu.

"Sabalkheri, fundi. Unaumwa?"

"Homa, Hamoudi. Siku ya tatu leo. Jana hata sikujua kama kulikucha."

"Basi kaa chini unieleze, usije ukaniangukia. Goti langu halitakuinua."

Fundi akakaa juu ya gogo. "Desturi yetu unaijua. Siku tatu za mwisho mbao hupakwa mafuta ya nazi, hulazwa kifudifudi juu ya magogo, zikafunikwa. Wanagenzi hawaruhusiwi kuwa karibu nazo. Ukimwacha kijana karibu na kazi iliyokwisha ataitia patasi tena mpaka aiharibu. Kwa hiyo huwapeleka Mbegani kukata boriti. Wamerudi leo alfajiri. Tukafunua. Mbili zipo. Wa tatu ndio huo."

Hamoudi akaingia. Ubao wa Shomari na wa Kibwana ulikuwa umelala, mgongo juu. Kwa mgongo huwezi kujua ubao wowote, ni mninga uliopigwa randa basi. Mahali pa tatu palikuwa na magogo mawili matupu, na juu ya gogo la kwanza, kaniki.

"Nani ameigusa kaniki hii?"

"Hakuna. Tumeikuta hivyo hivyo."

Ilikuwa imekunjwa. Mara nne, kona kwa kona, na mkunjo umebanwa kwa kiganja.

"Mwizi wako ana adabu," alisema Hamoudi. "Kwangu wezi hata mlango hawafungi."

Akajikokota kupiga magoti, akilaumu goti lake kwa jina. Alitafuta alama za miguu. Lakini ilikuwa Siku ya Mwaka, na wanawake wa mji mzima walikuwa wamefagia toka alfajiri, ndani na nje, na kwa Fundi Mbaruku walifagia kuliko wote. Sakafu ilikuwa safi kama kiganja cha mtoto. Hakukuwa na mburuzo kizingitini wala mkwaruzo kwenye miimo.

"Ubao ulikuwa na kimo gani?"

"Dhiraa nne kasoro shubiri moja. Upana shubiri tatu."

"Umebebwa, basi. Watu wawili, polepole. Jana nani aliingia humu?"

"Watu, ndugu yangu, huja. Wa vigingi, wa kuni, wa nini. Wanabisha, wanaomba kipande, nami ninawajibu kutoka kitandani, chukueni. Kiwanda hiki hakijawahi kumnyima mtu kipande cha ubao tangu enzi ya babu yangu."

Hamoudi hakumsikiliza sana. Alikuwa ameipeleka kaniki puani. Mafuta ya nazi, yale aliyoyatarajia. Lakini chini yake palikuwa na harufu nyingine, baridi, inayopanda mpaka nyuma ya macho.

Kafuri.

Akaikunja kaniki kama ilivyokuwa, akaitia kwapani.

Kibwana alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki, ana kifua kama mlango wenyewe.

"Shikamoo, Bwana Hamoudi."

"Marahaba. Wewe na Ausi mnapendana?"

"Kama paka wawili katika kikapu."

"Basi ulimwibia ubao."

Kibwana akatema mate. "Nilikuwa Mbegani siku tatu, bwana. Tumelala chandalua kimoja, mimi, yeye na Shomari, na Shomari anakoroma. Nikitaka kumwibia Ausi nitamwibia mkono. Ubao wa nini?"

"Mkono wake una nini?"

Kijana akautazama mswaki wake. Halafu akasema haraka, kama mtu anayemeza dawa, "Wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Haya, nimesema. Kamwambie na kadhi. Kamwambie na mchumba wangu."

"Ulikuwaje?"

"Sisi wengine tumechonga tende na mawaridi na mnyororo ukingoni, kama tulivyofundishwa. Yeye naye kachonga, lakini ukingo wote wa chini kaweka visuke vya mtama. Punje kwa punje. Ukipitisha kidole unazihesabu. Nikamwambia, wee, tajiri gani atataka mtama mlangoni kwake? Watu watadhani ni ghala. Akacheka. Akasema, yupo mmoja anayeutaka."

"Nani?"

"Hakusema. Ausi hasemi. Kumtoa neno ni kama kung'oa msumari wa kutu."

Ausi alikuwa ameketi barazani, mahali ambapo mbao zingesimamishwa, ananoa patasi ambayo hakuwa na haja nayo tena. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini hivi, vidole virefu. Akainuka.

"Nashika miguu yako, bwana."

"Kaa, mwanangu. Nani anajua habari ya hati yako?"

"Wewe, kadhi, Bwana Mahfoudh na fundi."

"Wenzako?"

"Hawajui. Wanadhani nangoja tezo kama wao."

"Mama yako?"

Patasi ikasimama juu ya jiwe. "Bado. Nilimtumia salamu tu, kwamba Siku ya Mwaka naonyesha kazi, aje auone mtama wake. Hilo la pili nilitaka nimwambie kwa kinywa changu. Nimwone uso."

"Atakuja? Shamba wanatoa ruhusa?"

"Hawatoi." Ausi akaangalia njia ya bara, na Hamoudi akaona kwamba kijana alikuwa amechagua kukaa mahali ambapo njia yote inaonekana hadi kwenye kona. "Lakini humjui Dija wewe. Atakuja. Labda miguu imemchelewesha."

Hamoudi akatafuta mzaha wa kumwachia, akaukosa, akaondoka.

Njiani akapanga mambo yake. Ni nani aliyepoteza kama Ausi akiwa huru? Mmoja tu. Ni nani katika mji ule kanzu zake hukaa katika sanduku la mti wa kafuri, zikitoka huko zinanukia mpaka mtaa wa pili? Huyo huyo. Hamoudi alijua kukaa karibu na Bwana Mahfoudh msikitini ni sawa na kuwa na mafua yaliyopona ghafla. Akatembea kwa haraka, na goti likamwacha atembee, kwa kuwa hata goti lilidhani kesi imekwisha.

Mahfoudh alimpokea barazani kwa kahawa na haluwa. Mzee mnene mwenye ndevu zilizochanwa, kanzu nyeupe, na ndiyo, harufu ile.

"Wajua nilichojia," alisema Hamoudi.

"Mji wote wajua. Kula kwanza."

Hamoudi akala. Alikuwa na kanuni zake, lakini hakuna iliyosema haluwa ya mtuhumiwa ni sumu. Halafu akaweka kaniki juu ya mkeka kati yao.

"Inuse."

Mahfoudh akanusa. "Kafuri."

"Kanzu yako je?"

Mzee akanusa mkono wa kanzu yake, kisha akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Hamoudi! Wewe waniona mimi nimeingia kwa Mbaruku nimebeba ubao wa dhiraa nne kichwani? Mimi kupanda ngazi yangu nasaidiwa na watu wawili!"

"Una watumishi."

"Ninao, na wote walikuwa pamoja nami Zinga, kwa mkwe wangu, siku tano. Tumerudi leo asubuhi na vumbi letu. Muulize mkwe wangu, muulize imamu wa Zinga, muulize mbuzi niliyemchinja." Kicheko kikaisha. "Nisikilize. Mimi nikitaka kumzuia kijana simzuii kwa kuiba. Ningekataa kuandika, na nani angenilazimisha? Nimeandika kwa hiari yangu. Lakini masharti ni masharti. Jua likizama hakuna ubao, anakwenda Fukayosi. Sitabadili neno. Nikibadili moja, watumwa mia na arobaini watataka niwabadilie."

"Huna huruma, sheikh."

"Ninayo. Waulize. Hata mama yake huyo, Dija, katoka shambani siku tano zilizopita bila ruhusa. Msimamizi alitaka kumfuata na mbwa. Nikampelekea neno, mwache, anakwenda kumwona mwanawe, mwaka ukiisha atarudi. Hiyo si huruma?"

Hamoudi alikuwa ameinua kikombe. Hakukinywa.

"Siku tano?"

"Tano."

"Fukayosi mpaka hapa kwa mguu wa mwanamke mzima ni siku mbili. Tatu akiwa mgonjwa."

"Basi amekwisha kufika. Muulize mwanawe."

"Mwanawe yuko barazani anaangalia njia," alisema Hamoudi.

Akainuka, akaichukua kaniki. Mlangoni akasimama, akainusa tena, na safari hii hakumfikiria mtu wa masanduku. Kafuri huwekwa katika sanduku la nguo. Lakini zaidi ya hapo, kila nyumba ya mji ule ilijua mahali ilipoinusa mara ya mwisho: katika maji ya mwisho ya kumwoshea maiti. Na mtu aoshaye maiti mikono yake hainuki kitu kingine wiki nzima, na nguo hukunja hivyo, kona kwa kona, kwa sababu amezoea kukunja sanda.

Na kila maiti huhitaji ubao wa kumfunika mwanandani, lile shimo la ndani ya kaburi, udongo usimwangukie. Kiunza. Maskini wa Bagamoyo walikipata wapi kiunza? Kwa Mbaruku, bure, tangu enzi ya babu yake.

Chukueni, alikuwa amesema fundi kutoka kitandani. Nami sikumsikiliza, Hamoudi alijisemea, kwa sababu nilikuwa nanusa.

Nyumba ya Bi Miza, mwosha maiti, ilikuwa ya mwisho, karibu na makaburi, kwenye njia iendayo bara. Hamoudi akabisha. Ndani kukasikika tasbihi inahesabiwa, punje kwa punje, nyuma ya pazia la mlango.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Ingia mpaka ukumbini, pazia usilisogeze. Ni Hamoudi? Nimeijua bakora."

"Ni mimi, bibi."

"Tangu asubuhi nasikia unazunguka mji. Mwuza mboga kanambia, Hamoudi anatafuta ubao. Nikasema atafika. Adhuhuri imelia. Una mwendo wa kobe wewe."

"Mbona hukunitumia neno?"

"Mimi mambo ya kiwanda siyaingilii. Na nyinyi wanaume mkipenda kuzunguka, nani awazuie? Nilijua ukichoka utamuuliza mwanamke."

Siku nyingine Hamoudi angejibu. Akakaa juu ya kizingiti, mguu mbovu umenyooka. "Jana umemwosha nani, Bi Miza?"

Tasbihi ikaendelea kidogo. "Mwanamke wa Fukayosi. Alikuja mlangoni kwangu juzi jioni, anawaka homa kama chungu. Twajuana, kwao na kwetu ni kumoja, mimi nililetwa pwani mtoto, yeye mtu mzima. Nikataka kumwita mwanawe. Akasema mwanawe yuko Mbegani, na hata akirudi asiambiwe. Mpaka akishaonyesha kazi yake. Alisema, mkono wake utatetemeka, Miza, watu watamwona anatetemeka. Alfajiri akafa. Tukamzika kabla ya jua kali."

"Dija."

"Ndiye. Mwanawe nitamwambia leo jioni. Nimeahidi."

Hamoudi akaiangalia kaniki magotini mwake. "Na kiunza mlichukua kwa Mbaruku. Alikuwa na homa, akawaambia chukueni. Mkaingia gizagiza, mbao zimelala kifudifudi, migongo yote sawa. Mkachukua ubao wa watu bila kujua. Ni kosa, bibi, hakuna atakayekulaumu."

"Nani kakwambia nimekosea?"

Hamoudi akainua macho kwenye pazia.

"Vipande vilikuwapo pembeni," alisema Bi Miza. "Viwili vitatu vingetosha, ndivyo nizikavyo watu siku zote. Lakini yule mwanamke katembea siku tatu na homa yake aje aone ubao. Usiku kucha ni hayo tu. Mwanangu kachonga mtama wangu. Mwanangu kachonga mtama wangu. Mpaka akakata kauli. Nikafika pale, nikapitisha mkono chini ya mbao, mmoja, wa pili. Wa tatu nikagusa visuke. Nikasema, huu. Nikashika kichwa cha ubao, mwosha mwenzangu miguu. Nilijua ni wa nani. Mji utaona mwingine, kijana ana mikono, mninga umejaa. Atachonga tena. Lakini yule wa kaburini hana mwaka mwingine wa kungojea."

Ikabidi Hamoudi amwambie habari ya hati. Alimwambia kwa maneno machache, maana hakuna namna ya kuyaongeza ikawa nafuu. Ubao usiposimama leo, kijana si huru. Leo tu. Kabla ya jua kutua.

Nyuma ya pazia tasbihi ikaacha kusikika.

Kisha sauti ikatoka, ndogo, si ile ya mwanzo. "Mamaye hakuniambia."

"Hakujua. Mwanawe alitaka amwambie mwenyewe."

"Yaa Rabbi," alisema Bi Miza. "Yaa Rabbi. Wote wawili walinyamaziana, mimi nikaja katikati."

Alasiri ilikuwa inaadhiniwa Hamoudi alipofika kiwandani. Barazani mbao mbili zilikuwa zimesimamishwa, zimefunikwa. Ausi alikuwa bado anaangalia njia. Hamoudi akamchukua nyuma ya nyumba, kwenye rundo la boriti za Mbegani, akamketisha, akamwambia yote kwa mpango wake: homa, mlango wa Bi Miza, alfajiri, kaburi, kiunza.

Ausi hakulia. Aliziangalia boriti. Akaokota ganda la mkoko akaanza kulivunja vipande vidogo sawasawa.

"Jana alfajiri," alisema mwishowe. "Jana alfajiri nilikuwa nacheka. Shomari alianguka topeni."

"Nisikilize sasa, muda hatuna. Fundi alitoa kisicho chake. Ubao ni wako, kwa hati. Sheria inasema maiti akizikwa na mali ya mtu, mwenye mali akiidai, kaburi hufunguliwa. Kadhi nimemwona njiani. Yuko tayari. Watu wanne na majembe, nusu saa. Tutaweka vipande vingine mahali pake, kwa heshima. Mafundi wapo, jua bado lipo. Neno lako tu linahitajika. Sema nadai."

Kijana akavunja kipande cha mwisho cha ganda.

"Waliuweka upande gani?"

"Nini?"

"Ubao. Upande wa kuchongwa. Waliugeuzia wapi?"

Hamoudi alikuwa amemuuliza Bi Miza swali hilo hilo, kwa mazoea ya kazi, bila kujua la nini. "Chini," alisema. "Kwake. Visuke viko upande wa uso. Bi Miza aliupindua mara mbili mpaka ukakaa."

Ausi akaitika kwa kichwa, polepole, kama fundi anayepokea kipimo.

"Basi mwacheni."

"Ausi."

"Mwacheni, bwana. Nimtolee usoni niwaonyeshe wao?"

Hamoudi alibishana naye. Aliyasema yote ambayo mtu mzima huwaambia vijana, kwamba mama mwenyewe angetaka, kwamba maisha ni marefu, kwamba Mungu ni mwenye kusamehe. Aliyasema mpaka akaisikia sauti yake mwenyewe. Kijana alikuwa amekwisha kusimama, anajipangusa magoti.

Baraza lilijaa. Waliovaa vizuri walikaa mbele, watoto juu ya kuta. Mafundi wawili walikuwa mjenzi wa mashua kutoka Mbegani, na Ferdinandi, seremala wa misheni, mtu mrefu mwenye msalaba wa mbao shingoni, ambaye naye utotoni aliwahi kuuzwa. Kaniki ya kwanza ikavutwa. Watu wakasema mashallah. Shomari akapewa tezo. Ya pili ikavutwa, Kibwana akapewa tezo, na wanawake upenuni wakapiga vigelegele kwa mchumba kuliko kwa ubao.

Mahali pa tatu palikuwa na ukuta.

Ausi akasimama mbele ya ukuta ule, mikono chini. "Ubao wangu sinao," alisema. Wapo waliocheka, kwa kuwa ilikuwa sikukuu na walidhani ni mchezo. Ferdinandi akatembea mpaka pale, akasimama mbele ya ukuta muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya mbao zenye kuonekana. Akamtazama Hamoudi. Hamoudi akatazama chini.

"Sina cha kupitishia mkono," alisema Ferdinandi, na sauti yake ilikuwa mbaya.

Kibwana, aliyekuwa ameshika tezo yake mpya kama mtu aliyeshika nyoka, akasema kwa nguvu, "Ulikuwa mzuri kuliko wangu!" Fundi Mbaruku akamwambia anyamaze. Hakunyamaza. "Ulikuwa mzuri kuliko zote!" Lakini hati haikusema habari ya uzuri wa ubao ambao haupo.

Bwana Mahfoudh akainuka, watu wawili wakimsaidia. Hakuonekana mtu mwenye kufurahi. Alikuwa ameambiwa.

"Mungu amrehemu mama yako," alisema. "Msimamizi yuko na punda njia ya bara. Kibanda cha Dija ki wazi, hakikupewa mtu. Utakaa humo."

Hamoudi akamsindikiza. Hakuna aliyemtuma. Jua lilikuwa bado juu ya minazi, lingetosha kwa ubao, walipofika makaburini, na msimamizi akabaki njiani na punda wake, akijifanya anatengeneza kamba.

Kaburi lilikuwa jipya, udongo mwekundu umerundikwa na kupigwapigwa kwa mikono. Bi Miza alikuwa ameketi mbali kidogo, buibui amelivuta mpaka machoni, wala hakuthubutu kuja karibu. Ausi akachutama. Akaweka kiganja juu ya udongo, upande wa kichwa, kisha akakipeleka taratibu hadi upande wa miguu, shubiri kwa shubiri, midomo ikihesabu.

"Bwana Hamoudi."

"Naam, mwanangu."

"Mimi nilipima mlango." Kiganja kilikuwa bado juu ya udongo. "Ulimtosha?"

Hamoudi, mtu aliyekuwa na neno kwa kila mtu, akamgeukia Bi Miza. Bi Miza akaitika kwa kichwa.

"Ulimtosha," alisema Hamoudi. "Haukupungua mahali."